Somo: Kujua umri wa matabaka ya lava chini ya Goma

Kila wiki napokea picha ya jiwe jeusi na swali: "Lina miaka mingapi?" Leo naandika yote mara moja. Ukiniuliza tena, nitakuelekeza hapa.

Hatua ya 1. Tafuta ukuta uliochimbwa: msingi wa nyumba au machimbo ya makoro, yaani mawe ya lava yenye kukwaruza. Usishuke shimoni pasipo hewa. Mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua, haina harufu.

Hatua ya 2. Chora ukuta wote, pima unene. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Nicolas Steno aliiandika kanuni hiyo mwaka 1669.

Hatua ya 3. Tenganisha milipuko. Nilipokuwa mwanafunzi niliona kokoto, jiwe zito, kokoto tena, kisha jiwe lingine, nikaandika "milipuko minne". Ilikuwa miwili, na ripoti nzima ikaharibika. Lava ya makoro hutembea ikibeba mgongoni maganda yaliyovunjika. Maganda ya mbele huanguka, na lava huyakanyaga. Hivyo mtiririko mmoja huacha kokoto chini, jiwe zito katikati, kokoto juu. Lava laini nayo hutoa ndimi zinazopandana siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tafuta udongo katikati, uliochomwa ukawa mwekundu kama tofali, wenye mizizi iliyogeuka makaa. Ukiuona, muda ulipita.

Maonyo mawili. Kukosa udongo si ushahidi wa mlipuko mmoja: miaka 19 kati ya milipuko ya volkano Nyiragongo ya 2002 na 2021 haitoshi kuzaa udongo mzito juu ya makoro. Pia lava mpya huweza kuingia kwenye handaki la lava ya zamani ikagandia humo. Hapo la chini ndilo changa.

Hatua ya 4. Chukua makaa pale udongo unapogusana na lava. Chagua vijiti, si kiini cha gogo kubwa, maana kiini ni kikuukuu kuliko siku mti ulipoungua. Kaboni-14 ni kaboni ambayo kiumbe huipata kikiwa hai, kisha hupungua kikifa: nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Kipimo hufika takriban miaka 50,000.

Hatua ya 5. Kwa mawe ya kale zaidi, pima potasiamu inayogeuka argoni.

MASWALI

Mtu wa Birere: Nina jiwe la uani kwetu, lina miaka mingapi?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Katindo: Kwa nini tusipime kaboni ya lava yenyewe? Ni haraka.
— Lava haikuwahi kuishi. Soma hatua ya 4.

Kijana wa Katindo: Nimeuliza tu, mkubwa.
— Nami nimejibu. Labo hutoza kila sampuli, sitaki upoteze pesa.

Dada wa Himbi: Mwalimu, mti ulioota kando ya mazuku, makaa yake yatasema kweli?
— Dada, swali zuri sana. Hayatasema kweli. Gesi ya mazuku hutoka ardhini, haina kaboni-14. Mti ukiivuta, makaa yake huonekana ya kale kuliko yalivyo. Konokono wa Ziwa Kivu vilevile, kwa sababu maji yamejaa gesi hiyo. Chukua makaa mbali na mazuku, sehemu kadhaa, ulinganishe.

Ndugu wa Lubumbashi: Huku Katanga mawe ya kundi la Roan hukaa juu ya yale ya kundi la Kundelungu, ilhali ya Roan ndiyo ya kale. Kanuni imevunjika?
— Hapana, ndugu yangu. Yalilala kwa mpangilio, kisha ardhi ikayakunja na kuyasukuma juu. Tafuta tabaka ambalo mchanga mkubwa umegeuka laini: upande wa laini ndio uliokuwa juu. Namba ya umri hutoka kwenye punje za zirkoni, madini magumu yenye urani, ambayo hugeuka madini ya risasi. Nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Lakini zirkoni iliyo ndani ya mchanga ilitoka mwamba mwingine. Inakuambia tu kwamba tabaka halizidi umri wa punje changa kabisa. Ukipata majivu ya volkano katikati ya matabaka, pima hayo.

Dada wa Himbi: Na makaa nifunge kwa nini?
— Karatasi ya aluminiamu, kamwe si pamba wala gazeti. Yatoe kwa ncha ya kisu safi, yakauke kivulini kwanza yasiote ukungu. Ukienda Jumamosi niambie, nitakuja na nyundo.