Kubadilisha mfuko wa stoma: mpime mgonjwa akiwa ameketi

Haya nayaandika baada ya kumhudumia kijana mmoja, mpakiaji wa mizigo pale Mpondwe, mpakani na Kongo, ambaye taifodi ilimtoboa utumbo. Huku Kasese, magharibi mwa Uganda, si jambo geni: mlipuko wa taifodi wa 2008 na 2009, wetu na wa wilaya jirani ya Bundibugyo, ulijulikana kwa matumbo kutoboka. Alifanyiwa upasuaji, mdomo wa utumbo mwembamba ukatolewa nje upande wa kulia wa tumbo (hiyo ndiyo stoma), kinyesi kikawa kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa, akarudi nyumbani na mifuko michache. Aliponifikia, ngozi kuzunguka stoma ilikuwa imechubuka kama iliyomwagiwa uji wa moto. Kinyesi cha utumbo mwembamba ni majimaji na bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula. Kikikaa juu ya ngozi kinaila.

Maelezo ni ya mfuko wa kipande kimoja, wenye bamba la gundi na mdomo wa kumwagia chini.

1. Chagua saa. Asubuhi, kabla ya chai. Utumbo huwa umetulia. Andaa maji ya vuguvugu, vitambaa laini (leso kuukuu iliyofuliwa naipenda kuliko pamba, maana pamba huacha nyuzi), mkasi, mfuko mpya na kavera (mfuko wa plastiki) ya taka.

2. Bandua. Kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja ukikandamiza ngozi. Usinyofoe.

Hapa mgonjwa haangalii tumbo lake, anaangalia uso wako. Ukikunja pua mara moja tu, hatakuonyesha tena. Kijana wangu alikuwa amepunguza kula ili mfuko usijae, na alilala kwenye mkeka peke yake akimwachia mkewe kitanda. Nilimwita mkewe, nikafunga mlango, nikaomba ruhusa kwanza: "Kaka, naweza kufungua?"

3. Osha. Maji matupu. Spiriti, dawa za kuua vijidudu na sabuni za mafuta weka mbali. Mafuta ya mgando ndiyo adui mkubwa, kwani gundi haishiki juu yake. Stoma yenyewe iwe nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo. Kuvuja damu kidogo ukiifuta si tatizo. Ikigeuka zambarau au nyeusi, hospitali siku hiyo hiyo. Kausha kwa kugusagusa.

4. Pima na ukate. Hatua hii ilinila usiku mzima. Nilimlaza chali, nikapima, nikakata vizuri, nikabandika. Akaketi kunywa maji, ukavuja. Nikabadilisha. Ukavuja. Mifuko minne iliisha hivyo, na kila mmoja tunaununua kwa fedha ya kuhesabu. Nililaumu gundi, nikalaumu joto, karibu nimlaumu yeye.

Kumbe tumbo lililolala si tumbo lililoketi. Alipokaa, mkunjo wa ngozi ulijitokeza chini kidogo ya stoma, kulekule majimaji yanakoelekea, bamba likainuka na kufungua mfereji. Tangu siku ile, kabla sijashika mkasi, namwambia mgonjwa aketi, asimame, ainame kama anayefunga viatu. Natazama mkunjo unapita wapi. Kisha naweka pasta ya stoma (dawa laini ya kujaza mikunjo ya ngozi) ndani yake kiasi cha kusawazisha tu, si kuipaka tumbo zima. Baadhi ya pasta zina alkoholi na huwasha vibaya kwenye ngozi iliyochubuka. Hapo kwanza nanyunyiza unga wa stoma (wa kukausha ngozi iliyochubuka), napangusa unaozidi, ndipo nabandika.

Tundu liwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 hivi. Likizidi, ngozi inaliwa. Likibana, linaikwaruza stoma. Na usikate mifuko yote siku moja! Stoma husinyaa kwa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, kwa hiyo pima upya kila wiki.

Tafadhali, plasta juu ya mfuko unaovuja sikubaliani nayo kabisa. Inaficha kinyesi chini ya bamba na kukipa muda wa kuchoma. Ukivuja, toa wote.

5. Bandika. Pasha bamba joto kati ya viganja, anza chini, panda juu, kisha mgonjwa aweke kiganja chake juu yake dakika chache. Funga mdomo wa chini. (Niliwahi kusahau. Mara moja tu.)

Ukishika vizuri, mfuko hukaa siku 3 au 4. Umwage ukifika theluthi moja, usingoje ujae, hasa kabla ya kupanda boda. Yaliyomo yaende chooni. Mfuko wenyewe ufungwe kwenye kavera, usitupwe shimoni.

Mifuko ikiisha kabisa, watu hufunga kavera kwa kitambaa. Silaumu. Hapo paka krimu nzito ya zinki, kwa kuwa hakuna gundi ya kushika, na badilisha mara kwa mara.

Kuhusu kula: ale, lakini atafune sana, na karanga asubiri wiki za mwanzo zipite, zinaweza kuziba. Anapoteza maji na chumvi nyingi, hivyo pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ya kunywa) ziwepo nyumbani daima. Mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, kichwa kikizunguka anaposimama, asingoje siku ya kliniki.