Usinunue sensa ya throto kabla hujapima waya zake

Gari iliyonifundisha kazi hii ililetwa ikiwa imeshabadilishwa mara mbili sensa ya throto, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari mlango wa hewa ya injini (throto) umefunguka kiasi gani. Taa ya injini inawaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, iko juu na haishuki. Nikachomoa soketi ya sensa, nikapima: volti 5 zipo, erthi ipo. Nikasema waya ni nzima. Hazikuwa nzima, na kosa langu lilikuwa kupima soketi ikiwa imechomolewa.

Sensa hii ina waya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya gari, mmoja ni erthi inayorudi kwenye kompyuta hiyohiyo, na wa tatu unapeleka ishara. Ndani kuna njia ya kaboni na kidole kinachoteleza juu yake kadiri kipepeo cha throto, yaani bamba linalopitisha hewa, kinavyofunguka. Kipepeo kikifungwa, ishara huwa karibu volti 0.5, kikifunguliwa chote, hufika karibu 4.5. Vipimo kamili vya gari lako viko kwenye kitabu chake cha ufundi.

Anza kwa kusoma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta, kwa skana (kifaa cha kusomea kompyuta ya gari). P0122 ina maana kompyuta inaona ishara iko chini mno: tafuta waya wa volti 5 au wa ishara uliokatika, au ishara inayogusa erthi. P0123 ni ishara iliyo juu mno: mara nyingi ni erthi iliyokatika, au ishara inayogusana na waya wa volti 5. P0121 inasema ishara ipo lakini haiendani na hali ya injini. Hakuna hata moja inayosema "badilisha sensa".

Sasa washa swichi bila kuwasha injini. Soketi iache imechomekwa, kisha penyeza sindano nyembamba kwa nyuma, sambamba na waya, bila kutoboa gamba. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri. Pima waya wa volti 5, halafu pima erthi ya sensa. Hii erthi ndiyo mafundi wengi wanairuka, nami naomba usiiruke. Inatakiwa isome karibu na sifuri, isizidi volti 0.1. Kwenye gari ile ilisoma 0.4, na ishara kipepeo kikiwa kimefungwa ilikuwa 0.9 badala ya 0.5. Kompyuta ilikuwa inaamini kuna mguu juu ya pedali.

Mbona soketi ilipochomolewa sikuliona tatizo? Kwa sababu hapo hakuna umeme unaopita kwenye sensa, na waya uliooza usipopitisha umeme haupotezi volti. Nilipovua gamba karibu na tamino, yaani kichwa cha waya ndani ya soketi, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nikakata hadi kwenye shaba safi, nikaunga waya mpya kwa risasi ya kuchomelea, nikaziba vizuri. Ishara ikarudi 0.5 na sailensa ikatulia.

Kama volti 5 hazifiki, usikimbilie kulaumu kompyuta. Waya huo mara nyingi unalisha sensa nyingine pia, na moja ikipiga shoti huangusha zote. Zichomoe moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita. Volti zikirudi, umempata mhalifu.

Volti 5 na erthi zikiwa sawa, fungua throto polepole sana kwa mkono na uangalie ishara ikipanda. Mita ya mshale ni bora hapa, kwa sababu mita ya namba huweza kupitwa na mkatiko mfupi. Kuwa makini zaidi mwanzoni mwa mwendo, pale mguu unapokaa muda mwingi, ndipo kaboni hulika. Mshale ukidondoka ghafla kisha ukarudi, hapo sensa imekufa kweli. Tikisa pia waya na soketi wakati unapima.

Ishara ikiwa haifiki kwenye kompyuta, chomoa soketi na utazame skana: gari nyingi zitasoma karibu sifuri. Unganisha waya wa volti 5 na wa ishara kwa kipande cha waya. Skana ikiruka hadi karibu 5, waya wa ishara na kompyuta ni vizima. Usiguse erthi kwa kipande hicho, wala usilete volti 12 za betri hapo.

Throto ya umeme isiyo na kebo ina sensa mbili ndani yake. Hapo usiingize kidole swichi ikiwa imewashwa, kwa kuwa mota inaweza kukifunga kipepeo kwa nguvu. Kanyaga pedali, soma zote mbili kwenye skana: kwenye baadhi ya gari zinapanda pamoja, kwingine moja ikipanda nyingine inashuka.