Ukitaka kuwa kiongozi mwadilifu, anza na namna unavyopokea habari mbaya

Kuna aina ya bosi nimemuona mara nyingi sana. Anapewa cheo, wiki ya kwanza tu uadilifu uko kwenye kila kikao na ukutani kumebandikwa uwazi, uaminifu, heshima, halafu miezi sita baadae hakuna mtu chini yake anayethubutu kumwambia ukweli. Sio mwizi, hajala hata senti ya mtu. Ila watu wameshamsoma, wanajua ukimpelekea habari mbaya atakununia wiki nzima, kwa hiyo wanampa anachotaka kusikia na yeye anaamua mambo kwa taarifa zilizopambwa. Kwangu mimi huyo bado sio kiongozi mwadilifu, maana maamuzi yake yanaumiza watu na hajui, na hajui kwa sababu yeye mwenyewe ndo kafunga mlango.

Na maandishi hayasaidii kitu peke yake. Enron, ile kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kitabu chake cha maadili chenye kurasa 64, na heshima na uadilifu vilitajwa kabisa kama misingi yao. Desemba 2001 ikaomba kufilisika, hesabu zilikuwa zimepikwa miaka na miaka na wakubwa ndani yake walijua.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni Challenger, kile chombo cha anga cha NASA, shirika la anga la Marekani. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za kusukumia walikaa kwenye kikao cha simu wakasema wazi kabisa, kesho msirushe, kutakuwa na baridi kali na ile mipira ya kuziba maungio ya roketi ikipata baridi inakuwa migumu haizibi vizuri, tusirushe chini ya nyuzi joto 12 hivi. Wakubwa wa NASA hawakufurahi, ratiba ilishaahirishwa mara kadhaa. Kikao kikasimama kidogo, mameneja wa kampuni wakajadiliana, mmoja wao akaambiwa avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja, mainjinia hawakuulizwa tena, na jibu likarudi kwamba rusheni. Kesho yake chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka na watu wote 7 waliokuwemo wakafa.

Mmoja wa wale mainjinia alikuja kueleza baadae kwamba usiku ule mambo yaligeuzwa juu chini, siku zote wao ndo walitakiwa kuthibitisha kwamba ni salama ndo chombo kiruke, safari hii wakatakiwa kuthibitisha kwamba kitaharibika. Naomba ulishike hilo maana ni kipimo unachoweza kutumia hata kesho asubuhi. Ukijikuta kwenye kikao unamdai ushahidi yule mwenye wasiwasi, halafu yule mwenye haraka humdai chochote, simamisha kikao hapo hapo, uliza upya: nani anatuhakikishia kwamba hili haliwezi kuumiza mtu?

Sasa unajijengaje. Anza na sentensi ya kwanza inayotoka mdomoni mwako mtu akikuletea tatizo. Mimi hili nilijifunza vibaya. Nilikuwa nasimamia timu ndogo, dada mmoja wa kwenye timu akaja kuniambia ile ripoti tuliyotuma juzi ina safu moja ya namba imejumlishwa mara mbili, na mimi, tena mbele ya wenzake, nikamjibu "sasa ulikuwa wapi siku zote hizo?" Aliondoka kimya. Kosa la pili alilogundua, la kwenye malipo ya watu, alikaa nalo wiki tatu, na kuna watu wakakosa haki yao muda wote huo. Lile la pili halikuwa lake, lilikuwa langu. Nikamuomba radhi palepale kwenye kikao mbele ya watu walewale, sio pembeni, kwa sababu waliojifunza kuogopa ni wote. Siku hizi nina sentensi moja tu, "asante kwa kuniambia, tunajua nini mpaka sasa?", nimeizoesha mdomo mpaka inatoka yenyewe hata nikiwa nimekasirika, na hasira nasubiri ipite ndo niulize ilitokeaje.

Halafu tofautisha kukosea na kuficha, na watu wako wawe wanajua unavyotofautisha. Aliyekosea akasema unasaidiana nae kurekebisha. Aliyeficha, hapo ndo unakuwa mkali. Ukiwaadhibu wote sawa umewafundisha wafiche, simple.

Mipaka yako iandike leo wakati hakuna anayekusukuma. Vitu vitatu vinne tu: sitasaini kitu ambacho sijakisoma, sitakaa kwenye usaili wa ndugu yangu wala rafiki yangu, sitabadilisha tarehe kwenye nyaraka. Ndugu akiomba kazi unasema mapema kwamba ni ndugu yako na unatoka chumbani, sio unabaki unasema mimi sitapendelea, maana hata kama kweli hupendelei wenzako hawana namna ya kujua. Unaandika mapema kwa sababu siku ya shinikizo kichwa chako kitakuletea sababu nzuri sana za kuvuka, na zote utaziamini.

Kwenye adhabu, kabla hujatamka chochote jiulize, hili kosa angelifanya yule nnayempenda ningesema nini? Kama jibu linabadilika, hujawa tayari kuamua. Sifa za kazi wape walioifanya, kwa majina yao.

Na kuna siku shinikizo litatoka juu, bosi wako anataka usaini kitu unachojua sio sahihi. Usimgombeze, usimhubirie. Mwambie "hii siwezi kuisaini kwa sababu namba hizi haziendani na risiti, ila naweza kuisaini leo hii tukirekebisha hapa", kisha mtumie kwa maandishi mlichozungumza. Unampa njia ya kutoka bila kuaibika, na mara nyingi ataichukua. Asipoichukua, gharama ipo, unaweza kunyimwa cheo, unaweza hata kuondolewa, na sitakudanganya kwamba haitauma. Ndo maana ni vizuri usiishi ukiwa umebanwa na mshahara mmoja mpaka unashindwa kusema hapana, ukiweza weka akiba hata ya miezi michache, hiyo nayo ni sehemu ya uadilifu japo watu hawaisemi.

Kila wiki chagua mtu mmoja wa chini kabisa, muulize mkiwa wawili, "kitu gani nafanya kinawapa shida na hakuna aliyeniambia?" Halafu nyamaza, usijaze ule ukimya. Mara ya kwanza atakwambia kitu kidogo tu, sijui vikao vinachelewa kuisha, sijui unatuma meseji usiku sana. Anakupima huyo. Kirekebishe wiki hiyohiyo, mrudie umwambie umekirekebisha, na la kwake kubwa atakuletea baadae.