Somo: Yoga kwa anayeanza, pumzi kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Nimeombwa mara nyingi niandike somo la yoga kwa mtu ambaye hajawahi hata kutandika mkeka. Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuwapa orodha ya mikao tu. Mikao mnaiona kwenye picha kila siku, tena ya watu waliojikunja kama kamba. Leo nataka mzingatie pumzi. Ukifanya yoga huku pumzi ikienda vizuri, mwili unalegea na akili inatulia. Ukiisahau pumzi utaumia, na hilo lilinikuta mimi mwenyewe.

Nilianza kwa ajili ya mgongo. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, jioni kiuno kinakuwa kigumu kama ubao. Siku ya kwanza darasani tuliambiwa tuiname tushike vidole vya miguu. Vyangu vilikuwa mbali, mwalimu akanisukuma mgongoni, nami nikabana pumzi nikalazimisha. Nikasikia kitu kikivuta chini ya kalio la kulia, pale msuli wa nyuma ya paja unapojishikiza kwenye mfupa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakaa kwa kuegemea upande mmoja. Dalili nilikuwa nayo kabla sijaumia: pumzi ilikuwa imesimama. Mwili ulishasema basi, mimi sikuusikia.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja. Katika kila mkao, ukiona pumzi imekatika, imekuwa fupi au umeibana, umepita kiasi. Rudi nyuma kidogo mpaka ipite tena kwa ulaini.

KABLA YA KUANZA

Usifanye ukiwa umeshiba. Baada ya mlo mkubwa subiri saa 2 hadi 3. Vua viatu na soksi, maana soksi zinateleza. Tafuta mkeka usioteleza, mto mmoja na ukuta ulio wazi. Kama una ujauzito, umefanyiwa upasuaji karibuni, presha yako haijadhibitiwa, una presha ya macho au mifupa yako imeambiwa ni dhaifu, zungumza na daktari wako kwanza.

HATUA YA 1: PUMZI

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, uone mkono wa tumboni ukiinuka kabla ya ule wa kifuani. Toa kwa pua ukihesabu 6. Endelea dakika 3.

Msiiruke hatua hii. Moyo huongeza mwendo kidogo unapovuta pumzi na huupunguza unapoitoa, ndiyo maana tunarefusha kutoa. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kifuani. Ukiishusha pumzi tumboni unaupa mwili taarifa kwamba hakuna hatari. Ukihisi kizunguzungu, acha kuhesabu na upumue kawaida.

HATUA YA 2: PAKA NA NG'OMBE

Piga magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na inua kifua. Ukitoa, pandisha mgongo kama paka anayeamka usingizini, kidevu kielekee kifuani. Mara 8, taratibu. Pumzi itangulie, mgongo uifuate.

HATUA YA 3: MBWA ANAYEJINYOOSHA

Kutoka hapo hapo, kunja vidole vya miguu, sukuma sakafu kwa viganja, inua makalio juu na nyuma. Mwili unakuwa kama paa la nyumba. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanahangaika visigino viguse chini, mgongo unajikunja na mabega yanapanda masikioni. Achana na visigino. Kunja magoti hata sana, nyoosha mgongo kwanza. Tandaza vidole vya mikono na ukandamize sehemu ya kidole gumba na cha shahada, la sivyo uzito wote unaangukia kwenye kifundo cha mkono. Acha kichwa kining'inie. Pumzi 5, kisha shuka magotini upumzike.

HATUA YA 4: NYOKA

Lala kifudifudi, viganja kando ya mbavu. Ukivuta pumzi inua kifua kidogo kwa nguvu ya mgongo; mikono inasaidia tu. Ukitoa, shuka. Mara 5.

HATUA YA 5: SHUJAA

Simama, tanua miguu hatua moja ndefu. Geuza unyayo wa kulia utazame kulia, wa kushoto uuingize ndani kidogo. Nyoosha mikono pande zote mbili, kisha kunja goti la kulia. Litazame goti hilo: liwe juu ya kifundo cha mguu na lielekee upande wa kidole cha pili. Likidondokea ndani, linajipinda kwa namna ambayo halikuumbiwa, na maumivu huja baadaye ukiwa umeshasahau yametoka wapi. Pumzi 5, badili upande. Mapaja yatatetemeka, hiyo ni kawaida. Pumzi ikianza kutetemeka nayo, nyoosha goti kidogo.

HATUA YA 6: MTI

Simama karibu na ukuta. Weka unyayo mmoja kwenye shavu la mguu au ndani ya paja la mguu mwingine, usiuweke gotini. Kazia macho kitu kimoja kisichotembea. Pumzi 5 kila upande.

HATUA YA 7: KULALA KIMYA

Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, mkao huu huitwa savasana, yaani mkao wa maiti. Lala chali, mto chini ya magoti, viganja vitazame juu, macho yafumbe. Dakika 5 bila kujitikisa. Legeza taya. Legeza ulimi, maana mara nyingi umebana juu kinywani bila wewe kujua. Mara ya kwanza ulimi wangu ulipolegea nilijikuta natokwa na machozi, na sikuwa na huzuni yoyote. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni kupoteza muda. Nawasihi msiiruke. Ukimaliza, geuka ubavu, kaa kidogo, ndipo uinuke.

Zoezi zima ni kama dakika 25. Siku 3 au 4 kwa wiki zinatosha kuanzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi mwili wangu mgumu mno, hata magoti siyagusi nikiinama. Nianze na mazoezi gani ili niweze kuanza yoga?

Jibu: Anza na haya haya. Ugumu wa mwili haukuzuii, ndugu yangu. Hatua ya 3 ifanye ukiwa umeweka viganja ukutani badala ya sakafuni.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina ujauzito wa miezi sita, naruhusiwa?

Jibu: Marahaba. Mkunga au daktari wako akikubali, ndiyo, ila kwa marekebisho. Nyoka acha, kwa sababu hutakiwi kulalia tumbo. Kulala chali kwa muda mrefu pia acha, kwani mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Hatua ya 1 ifanye umekaa, na ya 7 lala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti. Mti ufanye umeshika ukuta. Usijivute sana pia, maana viungo vinalegea wakati wa ujauzito na ni rahisi kupitiliza.

Swali: Samahani kama nitakwaza. Yoga si ibada ya dini nyingine? Nyumbani wananiuliza.

Jibu: Hujakwaza, ni swali la haki. Yoga ilizaliwa India ndani ya mafundisho ya kale ya kiroho, na yapo madarasa yenye nyimbo na maombi. Sitakuficha hilo. Neno lenyewe linatokana na kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Katika somo hili hakuna sala wala wimbo. Ni kupumua, kujinyoosha na kutulia. Dhamiri yako ikikataa, usiilazimishe. Waulize viongozi wa imani yako, na matembezi ya kila siku yatakufaa pia.

Swali: Nikifika hatua ya 7 mawazo ndiyo yanazidi. Madeni, kazi, watoto. Usiku pia silali vizuri. Nafanya nini vibaya?

Jibu: Hukosei popote, dada. Kutwa nzima uliyakimbia mawazo hayo, ukisimama yanakufikia. Usipigane nayo. Hesabu kila unapotoa pumzi, kutoka 1 hadi 10, kisha rudi 1. Ukipotea kwenye 4, rudi 1 bila kujilaumu. Usiku lala chali karibu na ukuta, pandisha miguu ukutani, kaa dakika 5 hadi 10 ukirefusha kutoa pumzi. Lakini nisikilize kwa makini: kama hali hii imepita wiki mbili, huna hamu ya chochote, au unawaza kujidhuru, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili leo, usingoje kesho. Yoga inasaidia matibabu, haiyachukulii nafasi.

Swali: Inapunguza uzito?

Jibu: Yoga ya taratibu kama hii, kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yale ya kukufanya uhemeke kiasi, kwa hiyo ongeza kutembea kwa kasi au baiskeli.

Swali: Mwalimu, kusimama kwa kichwa utatufundisha lini?

Jibu: Kwa maandishi sitafundisha. Shingo haikujengwa kubeba uzito wa mwili, na mwenye presha au presha ya macho anaweza kudhurika vibaya. Mkao ule unahitaji mtu mwenye ujuzi asimame kando yako, akuone mabega na akusikie unavyopumua.