Kuisikiliza Bad Brains bila kuumwa kichwa

Albamu ya kwanza ya Bad Brains, bendi ya punk ya kasi, ya 1982, ilitoka kwa kanda tu, na mkwaruzo wa kanda umo hadi leo. Usiipige kwenye spika zilizopangwa kama za matatu. Besi ikijaa, gitaa linageuka uji na sauti ya H.R., mwimbaji wao, inazama. Vaa ear-phone za waya, shusha besi, pandisha kidogo sauti za kati, na zima feni.

Anza na nyimbo 5 za mwanzo mfululizo, kama dakika 8. Mara ya kwanza achana na maneno, hutayapata. Shika ngoma: kila pigo la snea, ile ngoma yenye mlio mkali, ndilo kamba ya kufuata. Ukipotea, usirudishe nyuma. Wimbo wenyewe utakwisha kabla hujajipanga.

Wimbo wa 6 ni rege ya dabu, yenye mwangwi mwingi, na hapo mtu wa Mombasa yuko nyumbani. Hawa ni Marasta weusi wa Washington waliohamia New York, wanaopiga rege kwa dhati. Sikia gitaa linavyokata pigo la pili na la nne, kisha wimbo wa 7 unavyokurukia bila hodi. Utamu wote uko kwenye mshono huo.

Kasoro zipo. Kufika wa 9 na wa 10 nyimbo za kasi zinaanza kufanana, na rege ya 14, zaidi ya dakika 6, inaburura. Ukichoka kata baada ya wa 8, umalizie kesho.