Jinsi ya kumtafuta akalati wa pwani msituni Arabuko-Sokoke

Wengi wakiingia Arabuko-Sokoke wanatembea wameinua shingo na wanatoka hawajamwona akalati, ndege mdogo wa msituni, kumbe yule maisha yake yote yako chini, kwenye vijiti vya usawa wa goti na kwenye majani makavu, kwa hivyo ukimtaka shusha macho kwanza.

Halafu chagua sehemu. Huu msitu wa kama kilomita 420 za mraba kati ya Kilifi na Malindi haufanani wote. Kwenye miti ya mirihi, penye mchanga mweupe, pako wazi wazi na ndege wengi wako juu. Akalati tafuta zaidi kwenye vichaka vya miti ya mifunda vya udongo mwekundu, au msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, mahali kivuli ni kizito na chini majani yamelaliana. Majani hayo ndiyo jikoni kwake, yakikauka na kuoza yanafuga mende, mchwa na viwavi, na ndio maana pakishafagiliwa au kufyekwa yeye hapamfai tena.

Nenda alfajiri, vaa nguo zisizong'aa, ukifika simama tu utulie. Akalati anatua kimya kwenye kijiti, anainamisha kichwa, anadondoka ghafla, anadonoa mdudu kisha anarudi juu, yani ukipepesa macho amekupita. Ni kadogo, kama sentimita 12, mgongo kahawia, usoni na mabegani rangi ya kijivu-buluu, kifua cha machungwa na tumbo jeupe. Watu humchanganya na ndege mwingine, kurumbiza wa kichwa chekundu, lakini huyo ni mkubwa kidogo na machungwa yake yanafika mpaka usoni na tumboni.

Ukisikia majani yanachakurwa usikimbilie, anaweza kuwa sange mwenye matako ya dhahabu, kanyama kadogo kenye pua ndefu, anafukua wadudu, na huyo kurumbiza mara nyingi anamfuata nyuma aokote wanaoruka. Mimi napenda sana kuwatazama hao wawili hata kama akalati hajatokea!

Tafadhali usimpigie akalati rekodi ya sauti yake kwenye simu tena na tena. Anadhani kuna mwenzake kavamia eneo lake, anaacha kula aje kupigana na mtu ambaye hayupo, na wakati wa vifaranga hiyo ni hasara kubwa.

Na usiingie peke yako, ndani kuna ndovu na vichaka vya udongo mwekundu vinawaficha kabisa. Chukua mwongoza watalii pale Gede, kando ya msitu, wanazijua njia na sauti za ndege vizuri.