Kuweka LineageOS kwenye hifadhi ya ndani ya OnePlus 6

OnePlus 6 iliingia sokoni Mei 2018 ikiwa na Android 8.1, prosesa ya Snapdragon 845 na RAM ya GB 6 au 8, na mtengenezaji wake aliisasisha hadi Android 11 mwaka 2021. Baada ya hapo haikupata tena toleo jipya la Android kutoka kiwandani, ingawa kioo, kamera na kasi yake bado vinamtosha mtu wa matumizi ya kawaida. Kilichozeeka ni mfumo endeshi, hasa ulinzi wake, na hilo linarekebishika kwa kuweka LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android na ulioanza Desemba 2016 mradi wa CyanogenMod ulipofungwa. Maelezo haya yanahusu OnePlus 6 peke yake, ambayo katika orodha ya LineageOS hupatikana kwa jina la enchilada. OnePlus 6T, yenye jina la fajita, ina mafaili yake, kwa hiyo usitumie faili la moja kwenye nyingine hata kama simu hizo zinafanana kwa mengi.

Simu hii haina tundu la kadi ya kumbukumbu, hivyo mfumo mpya hauna pa kukaa ila kwenye hifadhi ya ndani, palepale palipo na picha na mazungumzo yako. Ndiyo maana ni lazima kujua kila amri inaandika wapi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuituma. Hifadhi hiyo, iwe ya GB 64, 128 au 256, imegawanywa katika sehemu nyingi zenye majina. Sehemu ya boot ina kiini cha mfumo pamoja na rikavari, yaani mazingira madogo ya matengenezo yanayofanya kazi hata mfumo mkuu usipowaka. Sehemu za system na vendor ndimo mfumo wenyewe ulimo, sehemu ya modem ina programu inayoendesha mtandao wa simu, na userdata imebeba kila kilicho chako. Sehemu nyingi za mfumo zipo mara mbili, katika seti A na seti B, ambapo simu hutumia seti moja huku nyingine ikisubiri, lakini userdata ni moja tu. Zipo pia sehemu ndogo zinazotunza IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio vya simu hiyo hiyo. Hatua zilizoelezwa hapa haziziandiki upya, nami nakusihi usiongeze amri yoyote ya kufuta uliyookota kwingine, kwa sababu simu iliyopoteza sehemu hizo huweza kuwaka vizuri kabisa na bado isishike mtandao.

Maandalizi ndiyo yanayochukua muda, na hayafai kuharakishwa. Kufungua butiloda, ile programu ndogo inayoamsha mfumo, hufuta userdata yote, na kilichofutika hakirudi, kwa sababu data ilikuwa imesimbwa kwa funguo zinazopotea pamoja nayo. Hamishia picha na nyaraka kwenye kompyuta. Fanya nakala rudufu ya WhatsApp kwenye akaunti yako ya Google, au nakili kwenye kompyuta folda iliyo ndani ya Android/media, maana nakala inayobaki ndani ya simu itafutika pamoja na vingine. Angalia namba za watu zilizohifadhiwa kwenye simu badala ya laini au akaunti. Ukiwa na programu inayotoa tarakimu za uthibitisho wa hatua mbili, ihamishie kwenye simu nyingine kwanza, la sivyo utajifungia nje ya akaunti zako mwenyewe. Piga *#06# uandike IMEI mahali pa kudumu, kisha ondoa akaunti ya Google na nenosiri la skrini.

Hakikisha simu imekwisha kusasishwa hadi Android 11 ya kiwandani, kwa sababu LineageOS hutegemea programu za modem na vifaa vingine zilizokuja na toleo hilo. Kwenye kompyuta, pakua adb na fastboot, zana za Google za kutuma amri kwa simu kutoka kwenye kompyuta, na kutoka ukurasa wa enchilada wa LineageOS pakua faili la boot lenye rikavari, faili la zip la mfumo, na lile la copy-partitions. Kila faili linalowekewa alama ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili halikuharibika, lihakikiwe kwa amri ya sha256sum kwenye Linux, au kwa hii kwenye Windows:

certutil -hashfile boot.img SHA256

Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Tumia waya wa USB unaopitisha data, kwani nyaya nyingi za bei nafuu hupitisha chaji tu, na kama kompyuta haiioni simu, jaribu tundu la USB 2.0 kabla ya kulaumu kitu kingine.

Sasa fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye taarifa za simu, na ugonge namba ya muundo mara 7 mpaka menyu ya wasanidi programu ijitokeze. Ndani yake washa ufunguaji wa OEM, yaani ruhusa ya kufungua butiloda, na utatuaji wa USB, unaoruhusu kompyuta kuituma simu amri. Unganisha simu na kompyuta, kubali ombi linalotokea kwenye skrini, kisha tuma:

adb -d reboot bootloader
fastboot devices
fastboot oem unlock

Amri ya pili inapaswa kuonyesha namba ya simu yako. Isipoonyesha kitu, usiendelee. Amri ya tatu huleta onyo ambalo unalikubali kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia, na hapo ndipo userdata inafutwa. Tangu siku hiyo simu itaonyesha onyo la butiloda iliyo wazi kila inapowashwa. Onyo hilo ni la kawaida na hupita lenyewe.

Simu ikishajiwasha upya, izime, kisha shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia ili urudi kwenye butiloda. Kama ukurasa wa simu hii unataja mafaili mengine ya kuandikwa kabla ya rikavari, yaandike kwa mpangilio huo huo. Kisha:

fastboot flash boot boot.img

Tumia vitufe vya sauti kuchagua Recovery Mode. Ukiona nembo ya LineageOS, sehemu ya boot ya seti inayotumika imepokea rikavari mpya.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiruka, nayo ina sababu nzito. Mfumo mpya hauandikwi kwenye seti inayotumika bali kwenye ile inayosubiri, na simu huhamia huko inapowashwa. Kama seti hiyo bado ina programu ya modem ya miaka iliyopita, unaweza kupata simu isiyo na mtandao au isiyowaka kabisa, ilhali kila amri ilikwenda sawa. Faili la copy-partitions hunakili programu hizo kutoka seti inayotumika kwenda nyingine. Kwenye rikavari chagua Apply update, kisha Apply from ADB, na utume:

adb -d sideload copy-partitions.zip

ukiweka jina kamili la faili ulilopakua. Likimalizika, nenda Advanced na uwashe rikavari upya. Sasa chagua Factory reset, kisha Format data, ili userdata iandaliwe upya kwa ajili ya usimbaji wa mfumo mpya. Rudi kwenye Apply from ADB na utume faili la zip la LineageOS kwa amri ile ile ya sideload. Kwenye kompyuta hesabu huweza kusimama kwenye 47% na kuleta maneno yanayofanana na kosa. Usichomoe waya. Tazama skrini ya simu, kwani ndiyo inayosema kweli kuhusu kazi iliyofanyika.

Anayehitaji huduma za Google aziweke sasa, kabla ya kuwasha mfumo kwa mara ya kwanza, kwa kutumia kifurushi cha MindTheGapps kinacholingana na toleo la Android na prosesa ya arm64. Rikavari ikiuliza kama uiwashe upya ili kuongeza vifurushi, kubali, kwa sababu bila hivyo kifurushi kitaandikwa kwenye seti ambayo simu inaiacha. Onyo kwamba saini haikuthibitishwa ni la kutarajiwa kwa kifurushi hiki tu, kwa kuwa hakikutiwa saini na LineageOS. Mwisho chagua Reboot system now. Kuwaka kwa mara ya kwanza huweza kuchukua hadi dakika 15.

Huduma za pesa zinazopita kwenye laini, kama M-Pesa kwa *150*00# Tanzania au *334# Kenya, hazitegemei mfumo wa simu, ila baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi pale butiloda ilipo wazi. Ikiwa benki yako ni mojawapo, amua mapema kama utatumia tovuti yake au simu nyingine. Usijaribu kuifunga tena butiloda ukiwa na LineageOS ndani, maana simu inaweza kukataa kuwaka. Masasisho ya kawaida hupatikana ndani ya mipangilio, huandikwa kwenye seti inayosubiri wakati wewe ukiendelea na shughuli zako, na kifurushi cha Google hubebwa pamoja nayo, lakini kupanda toleo kubwa hufanywa kwa mkono kupitia rikavari, kwa kutuma kwanza zip mpya ya mfumo na kisha MindTheGapps ya toleo hilo, bila kufuta userdata.